Manukato kwenye chumba cha kuonja mvinyo

Jamani, mtu unakwenda kiwandani kuonja mvinyo umejimwagia manukato kama unakwenda harusini, kwa nini? Kazi kubwa ya kuonja inafanywa na pua. Ulimi unakupa utamu, uchachu na uchungu. Harufu ya matunda, ya pipa la mti wa mwaloni ulimokaa mvinyo, zote zinapitia puani. Unazungusha glasi taratibu, unainamisha pua, unavuta pumzi, unakutana na marashi ya jirani! Mvinyo mweupe ndio unaoumia zaidi, maana harufu yake mara nyingi ni nyepesi. Na wenye kiwanda wanaona, wanatabasamu, wanaendelea kumimina. Si waseme mapema, mtu anapoweka nafasi: njoo bila manukato. Nimelipia kunusa mvinyo, basi niacheni niunuse.