Gari Langu Lina Kesi, Mimi Sina

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi naendesha taratibu. Daladala zinanipita huku makonda wakichungulia dirishani kuhakikisha kama dereva yuko hai. Bodaboda wananipita kushoto na kulia, na kuna mmoja aliwahi kunipita pale Tabata amebeba godoro la sita kwa sita, mwenye godoro amekaa juu yake, na mwenye godoro akanipungia mkono. Mke wangu tukialikwa harusini anavaa, anajipulizia manukato, halafu anasema yeye atatangulia na basi la mwendokasi, mimi nimkute ukumbini. Namkuta kweli. Namkuta anakula keki.

Sasa naomba mtu mwenye elimu anieleze. Mtu wa aina hii, gari lake likiingizwa namba kwenye ile mashine ya trafiki, inakuwaje litoke na kosa la mwendo kasi? Tena si moja?

Ilikuwa asubuhi, niko kwenye foleni yangu, sina neno na mtu. Afande kijana, nguo nyeupe imenyooka hadi unaona aibu kwa shati lako, akanipungia nisogee pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba afande."

Akaangalia leseni, akaangalia matairi, akaminyaminya kimashine chake. Kisha akakunja uso kwa huruma, uso ule wa daktari mwenye majibu.

"Mzee, gari hili linadaiwa."

"Linadaiwa na nani?"

"Na serikali."

Akanigeuzia kioo nisome. Gairo, saa nane na dakika zake mchana, kilomita 79 kwa saa, eneo la 50. Akashusha kidogo: Kibaigwa, siku hiyohiyo, kilomita 83. Nikamwambia afande, hiyo saa nane nilikuwa shuleni kwenye kikao cha wazazi, nimekaa kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yananigusa kidevu, walimu wote ni mashahidi. Akacheka, maana ni kijana muungwana. Akasema, "Mzee, faini inafuata gari."

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Gairo. Kibaigwa. Barabara ya Dodoma. Nani alikuwa na gari langu Dodoma? Mpwa wangu! Alikuja akaliomba kwa heshima zote, eti kuna msiba wa upande wa baba yake, na mtu hamnyimi gari mfiwa. Akarudi nalo limeoshwa, linang'aa hadi majirani wakaniuliza nimepaka rangi lini, na akaniletea boksi la zabibu. Nilimsifu sana yule kijana. Nilisema mbele za watu kwamba huyu amelelewa. Kumbe zile zabibu nimezila kwa shilingi 60,000, maana faini ni 30,000 kwa kila kosa, na makosa ni mawili. Ukigawa kwa punje, hakuna mfalme wa nchi yoyote aliyewahi kula zabibu za bei hiyo.

Nikampigia. Hakukataa, hakuona hata haya. "Anko, si ulisema niwahi?" Nilisema uwahi msiba, sikusema uwe wa pili kuzikwa! Halafu akaniletea hesabu zake za chuo: aliyekutwa na 58 anaandikiwa 30,000, aliyekutwa na 83 anaandikiwa 30,000 ileile, sasa ukishaona kibao umekipita na tochi ya trafiki ya kupima mwendo imeshakumulika, bora uifaidi tu. Huyu ndiye tunayemsomesha.

Lakini ngoja niitetee haki hata kwa mtu anayenikera, maana ile barabara nayo naifahamu. Kutoka Chalinze hadi Dodoma, kila penye nyumba, mgahawa na mbuzi pana kibao cha 50. Unatoka kwenye mteremko, nyuma una lori la mizigo linalokupigia honi kama vile umelikopa, unakanyaga breki, unaingia 50 kwa adabu. Sawa. Tatizo ni kutoka. Kile kibao cha pili, cha kukwambia kwamba sasa 50 imekwisha mwanangu nenda salama, mara nyingi hakipo. Kimegongwa, au kimelala kwenye majani, au kimeshauzwa chuma chakavu, kimeyeyushwa, saa hizi ni nondo kwenye ghorofa la mtu. Kwa hiyo mtu mtiifu kama mimi anaendelea na 50. Kijiji kimekwisha, mashamba yamekwisha, niko katikati ya pori, sioni hata nyani, bado niko 50. Nyuma yangu msafara kama wa kiongozi.

Na tochi hukai nayo uso kwa uso. Mwenye tochi anakuwa kwenye kivuli huko nyuma, chini ya mwembe wake, hata hamsalimiani. Anayekusimamisha yuko mbele kabisa, na picha yako imeshamfikia kwenye simu kabla wewe hujafika. Ndiyo maana madereva wanapigiana taa. Gari linalokuja likikuwashia mara mbili, punguza, wako mbele. Uungwana mzuri sana, ila nao una walakini wake, maana wapo wanaowasha taa kwa sababu wamelifananisha gari lako na la shemeji yao. Unapunguza, unakaza mkanda, unamwambia abiria azime muziki, unapita kijiji kizima na sura ya kanisani, na hamna trafiki hata wa dawa.

Basi nikalipa. Kontrol namba ikaja, nikalipa kwa simu, kampuni ya simu nayo ikachukua chake kwenye msiba usioihusu. Nikadhani yameisha.

Ndipo mke wangu akalipeleka jambo kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shemeji yangu anayeishi Reading, kule Uingereza, akatuma ujumbe wa sauti mrefu, nyuma yake mvua inanyesha. "Shemeji, umekwisha. Sahau hiyo faini, faini ni kitu kidogo. Ngoja bima yako ikijua."

Akatueleza yaliyompata. Alikuwa anapita eneo la maili 20 kwa saa. Nikapiga hesabu: ni kama kilomita 32! Nikasema hatimaye nchi iliyonielewa. Yeye alizidisha, kamera ikampiga, na kamera haina kivuli cha mwembe wala huwezi kuiamkia. Barua ikaja nyumbani. Na barua ile haianzi kwa kudai pesa, inaanza kwa kumtaka mwenye gari amtaje aliyekuwa anaendesha, na ana siku 28 za kujibu. Nilirudia kuisikiliza sehemu hiyo. Nani alikuwa anaendesha? Swali zuri namna hii, la haki, la kistaarabu, mimi sijawahi kuulizwa na mtu! Ningejibu siku hiyohiyo, na ningeambatanisha picha ya mpwa wangu na maganda ya zabibu.

Tuendelee. Kule kosa dogo kama lake unaweza kupelekwa darasani, ukafundishwa madhara ya kukimbia, mambo yakaisha. Lakini darasa hilo hurudii ndani ya miaka 3, na shemeji alishalimaliza mapema kwa kosa jingine, mtu anayependa elimu. Kwa hiyo akala pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Pointi zinakaa miaka 4. Ukijaza 12 ndani ya miaka 3 unaweza kunyang'anywa usukani kabisa. Na kampuni za bima kule zinauliza makosa yako ya miaka 5 iliyopita, ukiyataja wanapandisha, ukiyaficha wakigundua unakuta huna bima. "Sasa wewe una mawili kwa siku moja," akamalizia, "jiandae kisaikolojia."

Sikulala. Bima yangu ilikuwa inakaribia kuisha, na kichwani naona tarakimu zinapanda kama mita ya maji. Asubuhi nikaenda kwa wakala, kibanda kilekile kinachouza vocha, kutoa kopi na kulaza nywele upande wa nyuma. Nikamwambia binti kwa sauti ya chini ili wateja wa nywele wasinisikie: "Mwanangu, gari langu limepatikana na makosa ya mwendo kasi. Mawili. Niambie ukweli, itapanda hadi wapi?"

Hakuinua macho. "Gari gani?"

"IST."

"Binafsi au biashara?"

"Binafsi."

"Bima ndogo au kubwa?"

"Ndogo."

"118,000."

Nikasubiri. Nikamwambia, hujanisikia labda, nimesema makosa mawili. Akasema, "Nimekusikia baba. Ni 118,000. Laki moja na VAT elfu kumi na nane. Namba ya gari?" Akaingiza namba, ujumbe ukalia kwenye simu yangu, stika ya kielektroniki imeshaingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, karibu tena baba, anayefuata.

Nilitoka pale nafurahi. Furaha ilidumu hadi kwa muuza mihogo. Kabla sijamega kipande cha kwanza hasira ikanipanda. Hebu fikiri na wewe! Kama makosa hayapandishi, ina maana na adabu haishushi! Miaka yote ninayojikongoja, ninayodharauliwa na magodoro, ninayoikosa keki ya harusi, nimelipa bei ileile na yule jirani yangu anayetoka getini kinyumenyume kwa kasi ya kukimbia deni. Yeye 118,000. Mimi 118,000. Nikarudi kibandani kuuliza kuhusu bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe, labda huko watu wazima wanatambuliwa. Binti akasema bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT. Ya gari! Wanataka kujua gari ni la mwaka gani na lina thamani gani. Mwenye kulishika usukani ni mtume, mlevi au mpwa wangu, hiyo wanamwachia Mungu.

Na hiyo bima ndogo kwanza ni ya nani? Nikigonga mtu, inamlipa niliyemgonga. Bampa langu litakalovunjika ni langu na fundi wangu. Yaani nimelipa miaka yote kuwakinga watu wa Dar es Salaam dhidi ya mimi, mimi ninayekwenda 40. Walipaswa wao kuchangishana.

Nimemuuliza rafiki yangu karani wa mahakama, tunakunywa naye kahawa. Akanambia faini zinatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na bima ya magari ni Sura ya 169. Zimefuatana. Majirani wa ukuta mmoja kabisa, lakini hawaulizani hata chumvi. Huyu ana habari zote za makosa yako, na yule wa pili anapokea pesa zako, na hakuna aliyewahi kugonga mlango wa mwenzake kusema, bwana, yule mzee wa IST ni mtu mzuri, mpunguzie.

Karani akanionya nisishangilie sana upande wa pili. Bima haikuulizi maswali siku ya kuchukua pesa yako. Maswali yote inayahifadhi kwa ajili ya siku ya kukulipa. Siku umegonga ndipo utaulizwa leseni ilikuwa hai, nani alikuwa kwenye usukani, ripoti ya polisi iko wapi na inasemaje. Siku hiyo ndiyo watakuwa wapelelezi. Nikamwambia kwa hiyo mpwa wangu akigonga, swali la nani alikuwa anaendesha litaulizwa hatimaye? Akasema litaulizwa sana.

Sasa juzi mpwa huyo kaja tena. Kuna send-off ya mwenzao Morogoro. Ameshasikia habari za kibandani, maana mke wangu hana siri. "Anko, kumbe bima haipandi? Sasa hofu ya nini?" Nikamwambia hamna hofu mwanangu, funguo hizi hapa. Ila utaacha mezani 30,000 kwa kila kibao cha 50 kilichopo kati ya Chalinze na Morogoro, ukirudi na rekodi safi unachukua pesa yako yote. Akaanza kuvihesabu kwa vidole. Akavua na viatu, nadhani alihamia vya miguu. Kisha akaniaga, akaenda stendi ya Magufuli kupanda basi.

Na mabasi siku hizi yamefungwa kifaa, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanayaona huko yaliko, dereva akizidisha 80 kifaa kinamsema. Mke wangu alimpigia jioni kumuuliza kafika wapi. Yuko Mikese, basi limenyooka, linatii kila kibao, na abiria wanamtukana dereva.

Nikachukua simu nikamwambia anipe huyo dereva nimsalimie.