Kosa la Newspeak si viambishi vyake

Kila mara mjadala wa riwaya ya George Orwell, 1984, ukifika kwenye Newspeak, lugha ambayo dola ya kimabavu ya hadithi hiyo inaibuni ili kubana fikra, husikii zaidi ya hili: sarufi iliyonyooka mno huua fikra. Mimi sikubaliani.

Kanuni zenyewe zimeelezwa kwenye nyongeza mwishoni mwa kitabu hicho cha mwaka 1949. Karibu kila kivumishi kinapatikana kwa kubandika -ful, na kielezi kwa -wise. Kutokana na “speed” unapata “speedful”, yaani -enye kasi, na “speedwise”, yaani kwa kasi. Hata “well” inafutwa, inawekwa “goodwise”. Na “goodthink”, kufikiri kama Chama kinachotawala humo kinavyotaka, inazaa “goodthinkful”, “goodthinkwise” na “goodthinker”.

Sasa mweleze hayo mtu aliyekulia kwenye Kiswahili uone kama atashtuka. Piga, pigia, pigana, piganisha, pigwa, pigika: mtoto ambaye hajaanza shule hunyambua hivyo bila kufundishwa na mtu. Unyoofu huo haujatunyima chochote. Kila kiambishi kinakuja na habari yake: nani katendewa, nani kasababisha, nani na nani wametendana.

Ubaya wa -ful ya Orwell ni kwamba imekuja kuwafukuza wenzake. Chukua “child”. Kiingereza cha kawaida kina “childish”, ambalo ni lawama kwa mtu mzima anayeleta utoto, na “childlike”, ambalo mara nyingi ni sifa ya moyo usio na hila. Shina ni lile lile. Kilichobeba hukumu ni mkia. Kwa kanuni za Newspeak yote mawili yangekuwa “childful”, na usingejua umetukanwa au umesifiwa. Hapo ndipo dola inapopata inachokitaka.

Charles Dickens alikuwa ameshaonyesha kiambishi kikiachwa huru kinafanya nini. Katika riwaya yake Our Mutual Friend, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1864 na 1865, yumo Bwana Podsnap, tajiri anayeridhika na nafsi yake, ambaye jambo lisilompendeza hulifagilia mbali kwa kupunga mkono. Dickens alichukua jina lake akalitia -ery, ile ya “trickery” (ulaghai) na “snobbery” (majivuno), akapata “Podsnappery”. Msomaji hahitaji maelezo: silabi za mwisho tayari zimemshtaki yule bwana, na watu wote wa aina yake. Kwa -ful peke yake, shtaka hilo lisingeandikika.