Ghorofa za Lumumba, ploti za Nyalenda

Mfanyakazi wa Kisumu anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi hukatwa 450 za ushuru wa nyumba, na mwajiri wake huongeza 450 nyingine. Makato hayo yalianza 2023, yakapingwa mahakamani na kuharamishwa mwaka huohuo, kisha yakarudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ambayo ilimvuta ndani hata asiye na mshahara. Mpango wenyewe uko chini ya Idara ya Serikali ya Nyumba na Ustawi wa Miji, na lengo lililotangazwa ni nyumba 200,000 kila mwaka. Kwenye matatu na vibanda vya chai, watu hubishana iwapo tujengewe ghorofa au turudishiwe pesa zetu. Mimi nadhani Kisumu tuna swali letu, na halijaulizwa.

Wanaotetea ghorofa wana hoja nzito. Mji huu umebanwa, ziwa upande mmoja na vilima vya Riat upande mwingine, na sehemu kubwa ya tambarare iliyobaki hufurika mvua ikizidi. Kujenga kwenda juu kuna maana hapa. Bomba moja la maji taka huhudumia familia nyingi zikiwa jengo moja, kuliko zikitawanyika. Milango na madirisha ya nyumba hizo hununuliwa kwa mafundi wa jua kali, na kwa seremala anayengoja mteja barabarani hiyo ni riziki ya kweli. Tena kifungu cha 43 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya makazi ya kufaa tangu 2010. Haki haijengi ukuta bila fedha, na ushuru huu angalau ni fedha.

Lakini tutoke Lumumba, mtaa wa ghorofa hizo, twende Nyalenda.

Watu wa nje wakisikia mtaa duni huwaza ardhi ya serikali iliyovamiwa. Nyalenda na Manyatta si hivyo. Hizi zilikuwa boma za watu, mashamba ya ukoo, na mji ndio uliowafuata mpaka wake ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Familia nyingi zina hati miliki. Nenda nyuma ya safu ya vyumba vya kupangisha na huenda ukakuta kaburi la babu. Mwenye ploti mara nyingi anaishi palepale, kwenye nyumba yenye nafuu kidogo kuliko za wapangaji wake, na choo cha shimo wanachangia wote. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, maji ya chini yako karibu, na kisima kiko hatua chache kutoka chooni. Kipindupindu kikija, hakiulizi mwenye hati ni nani.

Mwenye ploti huyu hahami kwenda ghorofani, na hakuna sababu ahame. Mpangaji wake, mama anayeuza omena soko la Kibuye, naye hana karatasi ya mshahara ya kuonyesha. Sheria imetaja nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya 20,000, jambo jema, ila kipato chake hubadilika kila siku ya soko na malipo ya nyumba hayabadiliki. Soweto Mashariki kule Kibera, familia zilikabidhiwa nyumba 822 mwaka 2016, na baadhi ziliishia kupangisha vyumba ili zimudu malipo.

Idara hiyohiyo ina mkono mwingine usiozungumzwa sana. Mradi wa kuboresha makazi duni, ulioanza 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na washirika wengine, huleta lami, mitaro, maji, mulika mwizi na hati za ardhi pale watu walipo. Nia yake si kumbomolea mtu apewe ahadi. Mwanamke anayefunga kibanda saa tatu usiku anajua thamani ya taa ile kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Kama ningeambiwa nichague pa kuweka zile 450, ningeziweka huku.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua, na sitalificha kwa sababu linaupiga msimamo wangu. Lami ikifika, kodi ya nyumba hupanda. Mwenye ploti huona thamani ya kiwanja chake imeongezeka bila yeye kutoa senti, naye hupandisha. Aliyevumilia matope miaka kumi hufunga virago akatafute tope jingine, Obunga au Bandani. Kwa hiyo wanaodai ghorofa ndiyo njia pekee ya kumlinda mpangaji dhidi ya soko wameona kitu cha kweli, ingawa ghorofa zenyewe zinauzwa zaidi kwa mwenye mshahara.

Ndiyo maana nasema mtu ambaye idara haijaketi naye ni mwenye ploti. Yeye ndiye mjenzi mkubwa wa nyumba za bei nafuu Kisumu, na amejenga bila ushuru wa mtu. Apewe mkopo wa riba ndogo abomoe choo cha shimo, aunganishwe na bomba la maji taka, asakafu vyumba, na mkataba useme kodi haitapanda kwa miaka kadhaa. Akikataa, asilazimishwe, bomba lipite kwa jirani. Kutekeleza mikataba ya namna hiyo ploti kwa ploti ni kazi ngumu kuliko kusimamisha jengo, na haina utepe wa kukatwa na rais. Machifu na wazee wa mitaa wangehitajika, na kaunti ingepaswa kukagua kodi hizo.