A Night at the Opera: kesi isiyokwisha ya santuri ya Queen

Ukitaka kumchokoza shabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, mwambie kwamba A Night at the Opera siyo albamu bora ya bendi hiyo. Atakuja juu palepale, ila usishangae ukiona anayekutetea naye ni shabiki wa Queen, tena wa siku nyingi kumzidi. Santuri hii ilitoka Uingereza tarehe 21 Novemba 1975, na hadi leo ubishi wake ni wa ndugu wa nyumba moja. Kuna wanaoiona kilele cha kila walichowahi kufanya Freddie Mercury mwimbaji, Brian May mpiga gitaa, Roger Taylor na John Deacon. Na kuna wanaoamini kwamba kilele kilikuwa kimeshapita mwaka mmoja na nusu kabla, kwenye Queen II ya Machi 1974, na kwamba kilichofuata ni umaarufu tu.

Nianze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wengi wanavyokubali. Wanasema albamu inapaswa kushikana. Queen II ilishikana kiasi kwamba hata pande zake hazikuitwa A na B. Kulikuwa na Upande Mweupe, karibu wote umetungwa na May, na Upande Mweusi, wote wa Mercury, na nyimbo za huo Mweusi zinapokezana bila kupumua, kama hadithi moja ya majini na malkia. Ukitoka hapo ukaweka A Night at the Opera, unakutana na nini?

Unakutana na "Death on Two Legs", matusi ya dakika tatu na zaidi kwa mtu ambaye hatajwi jina. Hujamaliza kushtuka, Mercury amehamia kwenye raha za Jumapili alasiri, wimbo wa dakika 1 na sekunde 8 ulioimbwa kwa madaha ya majukwaa ya vichekesho ya kale. Hapohapo anaingia Taylor, mpiga ngoma, akinguruma kwamba gari lake analipenda kuliko mwanamke. Anafuata Deacon, mpiga besi mkimya, na wimbo mtamu wa kumsifu mkewe, akiupiga mwenyewe kwenye kinanda cha umeme. Kisha May anaimba "'39", hadithi ya mabaharia wa anga za juu, kwa gitaa kavu na mwendo wa muziki wa vijijini. Halafu roki nzito ya "Sweet Lady". Halafu vichekesho tena, safari hii vya pwani. Na huo ni upande wa kwanza tu. Wapinzani wanauliza: hii ni albamu au ni bakuli la urojo?

Mashabiki wengi hujibu kwamba uzuri wake ni huohuo mchanganyiko. Jibu hili sijawahi kulipenda. Kwa kipimo hicho, santuri yoyote ya mkusanyiko wa vibao ingekuwa kazi bora. Mchanganyiko peke yake hauna sifa. Utetezi wa kweli upo, lakini lazima uutafute mahali ambapo wapinzani wanacheka zaidi: kwenye zile nyimbo ndogo za kuchezacheza.

Kwenye jalada Queen waliandika kwamba humo ndani hakuna sintesaiza, ile ala ya umeme inayoweza kuiga sauti za ala nyingine. Leo mtu anaweza kuliona kama jigambo la kitoto, na kweli kuanzia albamu ya The Game ya mwaka 1980 sintesaiza waliitumia bila aibu. Lakini mwaka 1975 sentensi ile ilikuwa ufunguo wa kuisikilizia albamu. Katika "Seaside Rendezvous" unasikia bendi ya shaba na zumari. Hakuna zumari wala tarumbeta. Ni Mercury na Taylor wanaigiza kwa midomo, na ile sauti ya viatu vya wacheza dansi ni vidole vyao vilivyovaa tondoo, wakivigonga juu ya meza ya kuchanganyia sauti. Katika "Good Company" inatokea bendi nzima ya jazi ya New Orleans, na kila ala unayodhani unaisikia ni gitaa la May, lile alilolitengeneza na baba yake nyumbani, akilikatakata noti kwa noti mpaka likafanana na klarineti na tromboni. Ile sauti ya Mercury ya kizamani katika wimbo wa Jumapili waliipata kwa kuipigia kwenye visikizio vilivyowekwa ndani ya ndoo ya bati, kisha wakairekodi upya kutoka humo.

Hapo ndipo umoja wa albamu ulipo. Watu wanne, sauti tatu za kuimba, gitaa moja lisilofanana na jingine, na kila wimbo unavaa vazi la mwingine. Jina lenyewe walilichukua kwenye filamu ya ndugu Marx ya mwaka 1935, watu ambao kazi yao ilikuwa kuvuruga mambo ya heshima. Ukiisikiliza kama usiku mmoja wa maonyesho, pazia likifunguliwa na kufungwa, kurukaruka kule kunaacha kuwa kosa. Na mwisho May anapiga wimbo wa taifa wa Uingereza kwa magitaa yaliyopangwa juu ya magitaa, jinsi kumbi za Uingereza zilivyozoea kufunga maonyesho. Mtu aliyepanga mwisho wa namna hiyo alijua anafanya nini tangu mwanzo.

Wapinzani wana jibu, tena zuri: ufundi wa studio ni jambo moja, muziki ni jingine. Ukishajua kwamba tarumbeta ni mdomo, umeshajua. Mara ya kumi bado utasisimka? Kwa "Seaside Rendezvous" nakubaliana nao nusu. Chini ya ule mchezo hakuna kitu, ila una dakika mbili na sekunde chache tu na hauombi zaidi. "Good Company" ni habari nyingine. Ukiondoa madoido yote inabaki hadithi ya mtu aliyeacha marafiki wakapotea mmoja mmoja, akazama katika biashara, mke akamkimbia, na uzeeni amebaki na kiko chake. Inasimuliwa kwa wepesi wa kutisha. Mimi nauhesabu miongoni mwa nyimbo bora za May, na karibu hakuna anayeutaja.

Kuna pia shutuma ya fedha. Inasemekana ilipotoka hii ndiyo ilikuwa albamu ghali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, na waliizungusha studio kadhaa, kuanzia Rockfield kule Wales hadi London, wakiwa na mtayarishaji Roy Thomas Baker. Mwaka uliofuata ililipuka punk, roki ya vijana, ya kasi na isiyo na madoido, na kwa vijana wale Queen walikuwa mfano kamili wa roki iliyojisahau: kinubi, kwaya, gharama, mapozi. Shutuma hii inasahau hali ya wenyewe. Queen walikuwa na kibao kikubwa mwaka 1974, "Killer Queen", kilichofika namba 2 Uingereza, na bado mifuko yao ilikuwa mitupu kwa sababu ya mkataba wao na Trident, kampuni iliyokuwa ikiwasimamia. Walikuwa wamejinasua tu. Albamu hii ingeanguka, pengine wangevunjika. Ndiyo maana inafunguliwa na yale matusi. Norman Sheffield wa Trident alijitambua humo, na jambo likaishia kwa suluhu nje ya mahakama. Watu waliotumia pesa namna ile hawakuwa matajiri waliochoka kuzihesabu. Walikuwa wanacheza kamari.

Sasa niende upande wa pili wa santuri, ambako nadhani kambi zote mbili zinakosea.

Wapenzi wa Queen ya zamani, hata wanaoidharau albamu hii, huiachia "The Prophet's Song". Ni wimbo wa May, zaidi ya dakika 8, uliotokana na ndoto aliyoota juu ya gharika, na una ile katikati ambapo Mercury anaachwa peke yake, sauti yake ikirudishwa na mkanda kwa kuchelewa hadi anajiitikia mwenyewe kushoto na kulia. Wanauita moyo wa albamu, kito kilichofunikwa na umaarufu wa wimbo mwingine. Mimi nauona ndio wimbo pekee hapa unaojichukulia kwa uzito kupita kiasi. Mlango wake ni mzuri, ile koto ndogo ya kuchezea, ala ya nyuzi ya Kijapani, na upepo, na gitaa linapoingia unahisi kweli mafuriko yanakuja. Lakini ile sehemu ya sauti inakwenda na kwenda. Ni ufundi uleule wa nyimbo ndogo, ukiwa umenyang'anywa kicheko. Kinachouokoa ni kwamba hauishi. Unayeyuka, na kutoka humo inachipuka piano ya "Love of My Life" na kinubi alichokipiga May mwenyewe. Kutoka gharika hadi mtu mmoja anayesihi asiachwe. Hakuna mpito kama huo kwenye Queen II.

Na kuna "Bohemian Rhapsody". Kwa wengi kesi huishia hapo: albamu yenye wimbo huo inahitaji mjadala gani? Naona kinyume chake. Wimbo huo umeiharibia albamu kesi yake. Ulikaa namba 1 Uingereza wiki 9 kuanzia mwishoni mwa 1975, ukarudi namba 1 baada ya Mercury kufariki tarehe 24 Novemba 1991, na mwaka 1992 ukafika namba 2 Marekani kwa msaada wa filamu ya vichekesho. Umekwisha kuwa mali ya dunia, kila mtu anaujua kabla hajaijua albamu. Matokeo yake watu huisikiliza santuri nzima kama foleni ya kuusubiri wimbo wa 11. Wakiukuta, kila kilichotangulia kinaonekana mazoezi.

Usikilize mahali pake. Umeshasikia piano ya hasira, ya utani na ya mapenzi. Umeshasikia sauti zikijenga kwaya na gitaa likijenga bendi. Kisha kwa dakika 5 na sekunde 55 kila kitu kinarudi mara moja, hata kile kicheko, maana sehemu ya opera ni mzaha na haikuficha kuwa ni mzaha. Wanaosema kwamba ni wimbo wa kujikweza wangeusikia tofauti kama wangetokea kwenye "Good Company", wimbo unaoutangulia.

Kwetu huku ubishi huongezewa chumvi ya peke yake. Mercury alizaliwa Zanzibar, Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Basi ikisikika "Bismillah" katikati ya opera, kuna wanaoiona ni Mji Mkongwe unaochungulia. Huenda. Lakini Mercury alikataa kueleza maana ya wimbo mpaka anakufa, na neno hilo limesimama pamoja na Galileo na Scaramouche, yote yakiwa yamechaguliwa, nadhani, kwa jinsi yanavyolia mdomoni. Fahari ya kuwa alizaliwa hapa inatosha bila kuipa kazi ya ushahidi.

Kitu kimoja wapinzani wanakitumia vibaya: kwamba jukwaani sehemu ya opera haikuimbwa kamwe, bendi ilitoka na mkanda ukapigwa. Wanadai huo ni uthibitisho kwamba ni muziki wa maabara. Ni kweli kwamba ni wa maabara. Sauti za Mercury, May na Taylor zilirundikwa hadi mkanda ukachakaa. Ila Queen hawakujaribu kumdanganya mtu kwa kuuimba nusunusu. Na "Love of My Life", iliyovuliwa piano na kinubi ikabaki gitaa moja na umati, ilikuja kupendwa zaidi ukumbini kuliko kwenye santuri, hasa Amerika Kusini.

Mizani yangu basi. "Sweet Lady" ningeitoa. Hesabu yake ya tatu-tatu inawavutia wapiga ngoma, lakini maneno yake yangeweza kuandikwa na bendi yoyote ya wakati ule. "The Prophet's Song" ningeipunguza dakika mbili au tatu. Nyimbo za utani nisingezigusa hata moja. Na kwa wale wa Queen II nakiri hili: Upande wao Mweusi unaushinda upande wowote wa A Night at the Opera. Shida ni kwamba kuufikia lazima kwanza uupitie Mweupe, na huo, mbali na "White Queen", sina hamu ya kuurudia.