Mgeni wa Lamu ale wapi?

Ndugu yangu aliye Nairobi alinipigia simu juzi. Anakuja Lamu na mke na watoto watatu. Wanataka kuona kasa na pomboo, kuogelea kwenye matumbawe ya Manda Toto, na kupanda mashua wapite kwenye mikoko, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii. Kisha akauliza, "Na huko tutakula wapi?" Nilimwambia asijali, chakula kipo tele. Nilipokata simu niliona nimemjibu kijuujuu. Chakula cha Lamu kinatoka kwenye bahari ile ile anayokuja kuitazama, kwa hiyo mahali anapokaa kula si jambo dogo.

Kwa kawaida mgeni hupewa ushauri wa namna mbili. Wako wanaomwambia ale katika hoteli za ufukweni, hasa kule Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini. Wengine humwambia aachane na hoteli, aingie mitaani ale wanachokula wenyeji.

Wanaosifu hoteli wana hoja, na si haki kuzidharau. Hoteli ina friji na barafu. Bei imeandikwa, mgeni hajikuti akibishana baada ya kushiba. Mwenye mtoto mdogo au tumbo jepesi hulala bila wasiwasi. Mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi ya mjini inapofungwa mchana, hoteli ndiyo humlisha mgeni asiyefunga bila kumkwaza mtu.

Hata hivyo, nguvu ya hoteli ninayoiona kubwa kuliko zote iko kwenye kamba mawe, yule kamba mkubwa wa miambani mwenye gamba gumu. Huyu hupatikana kwa jasho. Wapiga mbizi wa Kibajuni, watu wa Kizingitini na visiwa vya juu, huzama hadi kwenye mapango ya miamba wakiwa na pweza aliyefungwa kwenye kijiti. Kamba akimwona pweza, adui yake wa asili, hutoka mbio na kuangukia mikononi mwa mvuvi. Ni ustadi wa ajabu, hauhitaji sumu wala kuvunja matumbawe. Lakini yule kamba akitoka na mayai chini ya mkia, au akiwa hajafika hata urefu wa kiganja, anayeamua arudishwe baharini au auzwe ni mnunuzi. Hoteli ikikataa kamba wa namna hiyo kwa mwezi mmoja tu, habari hufika mpaka Faza, huko kisiwani Pate. Ikiwakubali, habari hufika vilevile. Mama anayekaanga viazi karai kando ya njia hana nguvu hiyo.

Sasa twende mitaani. Jua likishatua, kutoka uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome hadi barabara ya pwani, moshi wa mishkaki hutangulia kukukaribisha. Kuna bajia, viazi karai, maji ya ukwaju, na mkate wa mofa unaotolewa tanurini ukiwa bado unachoma vidole. Ukibahatika kualikwa nyumbani, utaona mwanamke amekalia mbuzi, anakuna nazi mbili, anakamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, kwa kifumbu na kuiweka kando. Samaki aitwaye changu anachomwa kwanza kwenye makaa mpaka ngozi itoe madoa meusi, ndipo apakwe lile tui zito lenye ukwaju, ndimu na pilipili, ageuzwe, apakwe tena. Wali unapakuliwa kwenye sinia, mnakaa mkekani, kila mtu anakula upande wake kwa mkono wa kulia. Hakuna hoteli niliyoijua ikafikia ladha ile.

Na pesa yako unaiona inakokwenda. Samaki amenunuliwa asubuhi sokoni pale kando ya ngome, kwa mvuvi ambaye mpishi anamjua kwa jina. Unga umebebwa na punda wa jirani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni analala kwake, anatazama kasa wake, kisha anakula chakula kilichosafirishwa kutoka mbali.

Ila nisiwadanganye kwamba kila cha mtaani ni halali kwa bahari. Papa wa nazi tunampenda sana, nami nimelelewa naye, lakini papa huzaa watoto wachache na huchelewa kukomaa, na leo wanaoletwa sokoni mara nyingi ni wadogo. Tafi wa kipimo cha kidole ni ishara ya nyavu zenye macho madogo. Kasa naye ana historia yake: wazee wa Kibajuni walimvua kwa chazo, samaki anayeganda, wakamfunga uzi mkiani na kumwachilia akajigandishe kwenye gamba. Nyama ililiwa, mafuta yakafanywa dawa. Leo kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na mgeni akinong'onezewa kwamba anaweza kuonjeshwa, akatae na aondoke.

Tena kuna maji, ambayo watu husahau wanapojadili chakula. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kila jengo linalopanda juu ya vilima vile, liwe hoteli au nyumba ya tajiri, linagusa kisima cha mji mzima. Hili linanifanya nielemee upande wa mitaa hata pale ambapo jiko la hoteli ni safi zaidi.

Kwa hiyo nilimpigia ndugu yangu tena. Nilimwambia mahamri na mbaazi za asubuhi ale mjini, na chakula cha usiku aagize nyumbani kwa watu, aseme mapema ili mpishi anunue kinachotosha. Wakienda Kiwayu, mlango wa hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979, wapeleke habari siku moja kabla, maana huko hakuna mikahawa ya kuchagua. Hotelini waende siku moja, na wakitaka kamba mawe waombe waonyeshwe kabla hajapikwa, wamgeuze watazame chini ya mkia. Akaniuliza, je, wakiyaona mayai? Nikamwambia aagize changu.