Kinu cha nyuklia: kikichelewa, nani atalipa?

Serikali inataka Kenya iwe na umeme wa nyuklia katika miaka ya 2030. Mpango ni wa megawati 1,000 kwa kuanzia. Uwanja ulitafutwa kwanza Uyombo, Kilifi, wenyeji wakaukataa. Sasa macho yameelekezwa Siaya. Huku Nairobi swali ni kama tokeni za umeme zitashuka bei. Mimi ningeanza na jingine: ujenzi ukichelewa, nani atalipa?

Urani, yaani kuni za kinu, si tatizo, ni sehemu ndogo tu ya gharama. Pesa huzama kwenye zege, chuma na riba kabla balbu moja haijawaka. Mwenye ploti Ruaka anayejenga ghorofa kwa mkopo anaijua hesabu hii: fundi akichelewa, benki inadai na mpangaji hayupo. Vinu viwili vipya vya Vogtle, kule Georgia, Marekani, vilikadiriwa kugharimu dola bilioni 14. Vilipokamilika mwaka 2024, gharama ilikuwa imepita bilioni 30, na ucheleweshaji ni miaka saba. Kinu cha Olkiluoto 3 cha Finland kilianza kujengwa mwaka 2005 ili kiwake 2009. Kilianza uzalishaji wa kawaida 2023. Na hizo ni nchi zenye wataalamu wa nyuklia tangu zamani.

Watetezi wana jibu, na jibu zuri: Barakah, katika Falme za Kiarabu. Wakorea walijenga vinu vinne vya muundo mmoja kwa kufuatana, mafundi wakihama na ujuzi wao kutoka kimoja hadi kingine. Navyo vilichelewa, lakini leo vinatoa takriban robo ya umeme wa nchi hiyo.

Sisi hatuhitaji vinne vya namna hiyo. Hata kimoja kinatuzidi. Kilele cha mahitaji yetu kimepita megawati 2,300 juzijuzi tu. Kinu cha megawati 1,000 kikizimika ghafla, karibu nusu ya umeme imeondoka. Tuliokaa gizani Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukazimika, hatuhitaji kuchorewa picha. Ndiyo maana vinu vidogo, vya chini ya megawati 300, vyenye vipande vinavyotengenezwa kiwandani, vinanivutia kwa ukubwa wake kuliko kwa bei yake.

Bei yenyewe bado ni ahadi. Unafuu wa kiwanda huja oda zikiwa nyingi, na wanunuzi wa kwanza ndio wanaolipia majaribio. Mradi wa vinu vidogo vya NuScale, kampuni ya Marekani, uliokusudiwa Idaho ulifutwa Novemba 2023, baada ya makadirio ya umeme wake kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa. Ontario, Kanada, sasa inajenga cha kwanza kati ya vinne vilivyopangwa pale Darlington. Tuwaache watangulie, sisi tusomeshe wahandisi na wakaguzi.

Tena kinu lazima kifanye kazi usiku na mchana ili kilipe deni, ilhali Olkaria, kwenye mitambo yetu ya jotoardhi, tayari huachia mvuke hewani usiku kwa kukosa wateja.

Kuna watakaosema dawa ni mkataba wa bei isiyobadilika, hasara imwendee mjenzi. Finland ilifanya hivyo. Areva, kampuni ya Ufaransa iliyotia sahihi, ilielemewa na hasara hadi serikali yake ikaingia kuiokoa, na tangu hapo wauzaji wengi wa vinu wanauogopa mkataba wa aina hiyo.