Vermont: Jua la Mchana, Bili ya Usiku

Vermont ni jimbo dogo kaskazini mashariki mwa Marekani. Halifikishi watu 650,000, na kwa sensa ya 2020 ndilo lenye sehemu kubwa zaidi ya wakazi wa vijijini kuliko jimbo lolote nchini humo. Majira ya baridi huko ni marefu na theluji hufunika mapaa. Si mahali ambapo mtu angetarajia sola istawi, lakini imestawi. Tangu kinu cha nyuklia cha Vermont Yankee kizimwe Desemba 2014, paneli zimejaa kwenye mabanda ya ng'ombe, kwenye malisho, hata juu ya dampo la zamani mjini Rutland.

Wanaoshangilia wana hoja nzito. Mfugaji wa maziwa, ambaye wenzake wamekuwa wakifunga mashamba mwaka hadi mwaka, akikodisha ekari chache kwa kampuni ya sola anapata kodi isiyotegemea bei ya maziwa. Vilevile, alasiri za joto za Julai, wakati umeme wa soko la New England, yaani la majimbo ya kaskazini mashariki, ulipokuwa ghali kuliko saa nyingine zote, paneli zilipunguza kiasi ambacho jimbo lililazimika kununua.

Ila hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Paneli zilipozidi, saa ya mahitaji makubwa ilisogea hadi jioni, jua likiwa limeshazama. Mchana wa Aprili wenye jua, umeme unajaa hadi bei inashuka. Lakini mwenye paneli analipwa kwa mita inayohesabu kwenda na kurudi: anachokirudisha kwenye gridi hununuliwa karibu na bei ya rejareja, hata kama saa hiyo sokoni kinauzwa kwa senti chache. Tofauti hiyo haiyeyuki hewani. Inaingia kwenye bili za wateja wengine, akiwemo bibi anayeishi peke yake katika nyumba ya kupanga. Ndiyo maana tume ya huduma za umma ya jimbo imekuwa ikishusha malipo hayo hatua kwa hatua, na wauzaji wa paneli wakilalamika kila mara.

Mwaka 2024 Bunge la jimbo lilipitisha sheria inayotaka kampuni nyingi za umeme zifikie asilimia 100 ya nishati jadidifu ifikapo 2030, na zilizobaki ifikapo 2035, na ikaongeza maradufu sehemu ya umeme mpya unaopaswa kuzalishwa ndani ya jimbo. Gavana Phil Scott aliikataa kwa sababu ya gharama. Juni wabunge wakaipitisha kwa nguvu juu ya kura yake ya turufu.

Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha, kwa maoni yangu, ni hili: sheria hiyohiyo ilifunga, isipokuwa kwa hali chache, mlango wa mita za vikundi. Kwa mpango huo, mtu asiye na paa aliweza kujiunga na wenzake katika shamba moja la sola lililo mbali na kupunguziwa bili. Kampuni za umeme zilisema ni njia ghali, na sikatai. Lakini Wakongomani wazungumzaji wa Kiswahili waliopokelewa kama wakimbizi katika miji ya Burlington na Winooski huanza maisha kama wapangaji. Mpangaji hafungi paneli juu ya paa la mwenye nyumba. Basi aliyenyimwa faida ni yuleyule aliyekuwa akitajwa katika hoja ya kwamba sola inawaumiza wanyonge!

Kampuni kubwa ya huko, Green Mountain Power, imejaribu njia nyingine: inawakodishia wateja betri za nyumbani, kisha jioni bei inapopanda inachota umeme humo. Inapunguza tatizo la saa, na umeme ukikatika kwa dhoruba taa za mteja zinabaki. Lakini nani anaweka betri? Mara nyingi tena mwenye nyumba.

Sasa punguzo la kodi la shirikisho la asilimia 30 kwa paneli za nyumbani limekoma tangu mwisho wa 2025. Mwenye fedha mkononi ataendelea kufunga; mwenye kipato cha kati atasita. Ningekuwa mbunge kule Montpelier, mji mkuu wa jimbo, ningefungua tena mlango wa vikundi kwa malipo ya chini kuliko ya zamani, na kwa mashamba yanayojengwa karibu na vituo vya umeme, yenye betri, na hisa za kwanza zikitengewa wapangaji.